Sura ya Saba: Jengo Likiisha, Kipande Chake ni cha Nani?

Ukisema mbele ya watu kwamba kipande cha ukuta uliobomoka kiwekwe katika makumbusho, swali la kwanza ni lile lile, uwe Garissa, Wajir au Mandera: cha nini? Jengo limeshaanguka, waliokufa wameshazikwa, na kiwanja kinahitajika. Wengine huuliza kwa ukali zaidi: mbona mnataka kutukumbusha? Anayeuliza hivyo mara nyingi ni mtu aliyefiwa, kwa hiyo anastahili jibu kamili.

Jibu langu ni hili. Kipande cha jengo kina thamani kwa kadiri ya yale yanayojulikana kukihusu: kilisimama wapi, kilishikilia nini, nani alikiokota, lini, na aliyeishi ndani ya jengo lile anasemaje. Ukikosa hayo, una jiwe tu. Ndiyo maana naamini kazi ya haraka katika Kaskazini Mashariki si kujenga jumba la vioo. Kazi ya haraka ni kuwasikiliza wenye kumbukumbu na kuandika wanayosema, wakati bado wako nasi.

Kifusi na kipande

Kifusi ni mabaki ya jengo yaliyochanganyika: mawe, mchanga, nondo, vioo, mbao. Kipande, kama nitakavyokitaja katika sura hii, ni sehemu ya jengo iliyotolewa kwenye kifusi na kuandikiwa ilikotoka. Watu wa makumbusho huita habari hizo muktadha, yaani mahali kitu kilipokuwa, wakati wake, na vitu vilivyokuwa karibu nacho kabla hakijaondolewa.

Tazama yaliyotokea Hiroshima, Japani. Baada ya bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945, mtaalamu wa miamba aitwaye Shogo Nagaoka aliingia katika magofu na kuanza kuokota vigae na mawe yaliyoungua. Joto lilikuwa limeyeyusha uso wa vigae vya paa hadi vikatoa malengelenge. Juu ya mawe mengine kulikuwa na alama za vivuli vya vitu vilivyosimama mbele yake wakati wa mwako. Kivuli kina upande, na ukijua jiwe lilikuwa limekaa vipi, unaweza kufuata mstari wake kurudi kwenye chanzo cha mwanga. Alama za namna hiyo zilisaidia kukadiria bomu lililipukia wapi angani. Makumbusho ya Amani ya Hiroshima yalipofunguliwa 1955, Nagaoka alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mawe yale yangezolewa bila kuandikwa, yasingeweza kumwambia mtu lolote.

Karibu na kwetu kuna Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, wakati likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Anayetaka kulirudisha jumba lile hawezi kuridhika na rundo la mawe ya matumbawe. Anahitaji kujua nguzo ipi ya chuma ilisimama kwenye baraza ipi, na mlango upi wa nakshi ulifungua chumba gani. Ujerumani walifanya hivyo kwa kanisa la Frauenkirche mjini Dresden, lililoangamia Februari 1945. Walipoanza kulijenga upya katika miaka ya 1990, waliyachambua mawe ya kifusi moja moja na kurudisha maelfu mahali pake. Kanisa lilipofunguliwa tena 2005, mawe ya zamani, meusi, yalionekana wazi katikati ya mapya.

Kioo cha Nairobi

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lililipuliwa nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, karibu na kona ya barabara za Moi na Haile Selassie. Watu 213 waliuawa hapo, na 11 Dar es Salaam katika shambulio la saa ile ile. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote. Baadaye kiwanja cha ubalozi kikawa bustani ya kumbukumbu, ambayo watu huingia tangu 2001. Ina ukuta wa majina na kituo kidogo cha maonyesho, na baadhi ya mabaki yaligeuzwa kuwa sanamu.

Kati ya vitu vyote vya siku ile, mimi ningechagua kipande cha kioo cha dirisha. Kabla ya bomu lenyewe kulipuka kulikuwa na milio midogo pale kwenye lango. Watu katika maofisi ya karibu waliisikia, wakainuka na kwenda madirishani kuona kuna nini. Kisha lori likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Hii ndiyo sababu wengi walipoteza macho. Kipande cha kioo chenye maandishi ya jengo, ghorofa na upande wa dirisha kinaweza kumfundisha mtoto wa shule jambo litakaloyaokoa macho yake siku moja: ukisikia mlipuko, usiende dirishani.

Kioo hicho hicho kikigandishwa kwenye sanamu pamoja na vingine mia, kinakuwa kitu kizuri cha kutazama, lakini somo lake limepotea. Sina neno na wasanii. Kazi zao huwafariji watu kwa namna ambayo kabati la makumbusho haliwezi. Ninachosisitiza ni utaratibu: kabla msanii hajapewa mabaki, sehemu yake itengwe ibaki ilivyo, na vumbi lake na masizi yake.

Mahali pasipo na gofu

Sasa tuje nyumbani.

Novemba 1980, baada ya watu wenye silaha kuwaua maafisa wa serikali mjini Garissa, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi. Wakazi walikusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa na kuzuiliwa hapo kwa siku kadhaa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Miaka mitatu na kitu baadaye, Februari 1984, wanaume wa Wajir walipelekwa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, na huko wengi wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyachunguza matukio yote mawili, na ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Wagalla ilipata mnara wa kumbukumbu mwaka 2014, miaka 30 baada ya mauaji.

Mgeni aliyezoea magofu ya Gedi au Takwa akiambiwa habari za mtaa uliochomwa, atauliza gofu liko wapi. Halipo, na halikutarajiwa kuwapo. Nyumba za miti, mikeka, maboksi na mabati zikishika moto hazibakishi ukuta. Zinachobakisha ni vyuma: bati lililojikunja, bawaba, kufuli, misumari, sufuria, kichwa cha cherehani, fremu ya kitanda. Vitu hivyo haviuzwi kwenye mnada wa sanaa. Ama hufukiwa, ama huuzwa kama vyuma chakavu, ama hubaki kwa familia moja moja bila mtu wa nje kujua. Kama kuna mama ambaye bado ana kufuli ya nyumba iliyoungua siku ile, kufuli hiyo ni jengo zima. Anajua mlango ulitazama wapi, jirani alikuwa nani, kisima kilikuwa upande gani. Akiondoka bila kuulizwa, kufuli itabaki lakini nyumba itakuwa imekwenda naye.

Halafu kuna tarehe 2 Aprili 2015. Washambulizi wa al-Shabaab waliingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wengi waliuawa katika bweni la Elgon. Hapa hali ni kinyume cha Bulla Karatasi: majengo yalikuwa ya mawe na saruji, na yalibaki yamesimama. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na mwaka uliofuata kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Chuo lazima kipige plasta na rangi. Hakuna mzazi anayetaka binti yake alale katika chumba chenye matundu ya risasi, na hakuna mhadhiri anayeweza kufundisha hapo kwa moyo mtulivu. Lakini kati ya kuacha jengo zima lilivyo na kulifuta lote kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo hasa habari ya sura hii: kukata sehemu ndogo, kuiandika, na kuipeleka mahali ambapo mtu huenda kwa hiari yake. Ukuta wenye alama bwenini humlazimisha kila anayepita kuukumbuka. Ukiwa katika chumba cha makumbusho, unamngoja anayetaka kuuona, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyefiwa.

*Kwa ufupi hadi hapa: kipande kinafaa pale tu asili yake inapojulikana. Bulla Karatasi kuna kumbukumbu nyingi na vitu vichache. Chuoni kulikuwa na kuta, na kuna familia nyingi zenye haki ya kusema.*

Sheria inalinda mlango gani?

Wasomaji wengi hudhani kwamba kitu chochote chenye historia kinalindwa na serikali. Sivyo. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inaeleza kitu cha kale kuwa kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Sheria hiyo hiyo inautaja mlango, au fremu ya mlango, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, kuwa kitu kinacholindwa. Ukitaka kuelewa kifungu hicho, wakumbuke walanguzi waliokuwa wakiing'oa milango ya nakshi ya Lamu na Mombasa na kuipeleka ng'ambo.

Ni kifungu kizuri, nami nafurahi kwamba kipo. Lakini kilitungwa na watu walioyaelekeza macho pwani. Sasa fikiria mlango mwingine.

Kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, katika eneo la Dadaab, Kaunti ya Garissa, zilianza mwaka 1991 na 1992, Somalia ilipovunjika. Mbao zilikuwa adimu. Kilichokuwapo kwa wingi ni makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada. Fundi alikata kopo kwa mkasi wa bati, akalikunjua, akalipondaponda kwa nyundo mpaka likawa bapa, kisha akapigilia bapa moja juu ya jingine kwenye fremu ya mti, kama magamba ya samaki. Maandishi ya mfadhili yalibaki yakionekana, mengine yamepinduka kichwa chini. Mlango huo ulifunguliwa na kufungwa na familia iliyoishi nyuma yake pengine miaka 20. Kambi nyingine mbili za Dadaab zilipofungwa, Kambioos mwaka 2017 na Ifo 2 mwaka 2018, nyumba zilibomolewa. Ulinzi wa moja kwa moja ambao sheria inaupa mlango wa nakshi wa kabla ya 1946, mlango wa makopo hauna.

Njia ya kisheria ipo, kwa kuwa waziri anaweza kutangaza kitu kingine kuwa kinacholindwa. Aidha, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyataja makumbusho miongoni mwa shughuli za utamaduni zilizo chini ya kaunti. Maana yake ni kwamba Garissa, Wajir na Mandera hazihitaji kungoja Nairobi ili kuanza kukusanya na kuandika. Makumbusho ya Kitaifa yanaweza kuwafundisha watu na kuwapa utaalamu, na Wajir tayari kuna tawi lake. Lakini bajeti ya kununua makabati ya chuma na kumlipa karani wa kusajili vitu inaweza kupitishwa na bunge la kaunti mwaka huu huu.

Mlango mmoja wa makopo kutoka Dadaab, kwa maoni yangu, una haki ya kusimama katika chumba kimoja na mlango wa Lamu. Wa Lamu unaeleza biashara ya bahari na utajiri wa mwenye nyumba. Wa Dadaab unaeleza vita, msaada, na mikono ya fundi aliyekataa familia yake ilale bila mlango.

Nyumba inayozaliwa ikiwa vipande

Kuna jambo moja ambalo watu wa Kaskazini Mashariki wanaweza kuwafundisha wataalamu wa makumbusho wa dunia nzima, na sijaona likisemwa vya kutosha.

Nyumba ya wafugaji Wasomali, aqal, hujengwa na wanawake, na ni mali yao. Mama wa bibi harusi na jamaa zake wa kike huitayarisha kabla ya arusi. Mifupa yake ni dhigo, yaani miti iliyopindwa kuwa matao, ambayo mara nyingi hutokana na mizizi mirefu ya miti jamii ya migunga. Ngozi yake ni mikeka, na mkeka mzito kuliko yote, kebed, husukwa kwa nyuzi za maganda ya ndani ya mti wa galool. Malisho yakiisha, nyumba inafunguliwa asubuhi moja. Mikeka inatandikwa mgongoni mwa ngamia ili mzigo usimchubue, na miti iliyopinda inafungwa ubavuni mwake kuwa kiunzi cha kubebea vyombo, kuku na watoto wadogo. Jioni, mahali pengine kabisa, nyumba ile ile inasimama tena.

Mwanamke anayeisimamisha hahitaji ramani. Anajua tao hili ni la upande wa kitanda na lile ni la mlangoni, kwa sababu alilipinda yeye au mama yake. Hakuna kipande kisicho na mahali. Mhifadhi wa makumbusho hujaribu kuyapata hayo hayo kwa namba, picha na daftari. Mwanamke huyu anayo mikononi.

Sasa angalia kinachotokea nyumba hiyo ikiletwa makumbushoni. Husimamishwa mara moja, hufungiwa kamba ili watoto wasiiguse, na hubaki hivyo mpaka mikeka iliwe na wadudu. Haifunguliwi tena. Baada ya kizazi kimoja makumbusho yana nyumba, lakini hayana mtu anayeweza kuifungua na kuifunga. Ningependa kila makumbusho yenye aqal yaiteremshe mara moja kwa mwaka, yawaite kina mama wanaojua, yawalipe kama yanavyowalipa mafundi wengine, kisha yarekodi kila hatua wakiisimamisha upya. Leo, ambapo maturubai ya plastiki yanachukua nafasi ya kebed na miti inaishia kwenye mkaa, wanaojua kusuka hawaongezeki.

Uganda imeshatuonyesha ujuzi huo una thamani gani. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi, Kampala. Ilikuwa ya miti, matete na nyasi, kwa hiyo karibu kila kitu kilikuwa majivu. Hata hivyo nyumba ilijengwa tena, kwa kuwa koo zenye kazi ya kuezeka zilikuwa bado na watu waliofundishwa na wazee wao. Ilichukua miaka mingi, lakini mwaka 2023 UNESCO iliyatoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kazi yenyewe, kwa mikono

Tuseme sasa familia moja ya Garissa imekubali kutoa bati lililoungua. Nini kifanyike?

Jambo la kwanza ni kutolisafisha. Bati la zamani limepakwa zinki ili lisishike kutu. Moto huivua zinki hiyo, na chuma kilicho wazi huanza kuliwa mara kinapokutana na unyevu. Anayelipeleka kwenye bomba na sabuni anafanya madhara mawili kwa pamoja: anaongeza kutu na anaosha masizi, na masizi ndiyo yanayoonyesha kwamba bati lile liliungua. Brashi laini inatosha, tena kwa mchanga uliolegea tu. Kisha liwekwe katika boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya chembe za silika, vile vinavyowekwa ndani ya viatu vipya ili kunyonya unyevu. Joto la Garissa, linalopita nyuzi 35 mara nyingi mchana, halidhuru bati sana. Hatari kubwa ni unyevu wa majira ya mvua na mafuriko ya Mto Tana. Anayekumbuka El Nino ya 1997, au ile ya mwishoni mwa 2023, hataweka ghala la makumbusho bondeni.

Mikeka ina adui mwingine, mchwa na dumuzi. Rafu ziwe za chuma, miguu yake ionekane, na pasiwe na kitu kinachogusa ukuta. Mkeka mpya ukiletwa, usichanganywe na mingine kabla haujawekwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa muda wa wiki mbili. Friza kubwa ya kuhifadhia nyama inaweza kazi hiyo, mradi ifikie baridi hiyo. Wadudu na mayai yao hufa bila dawa yoyote kupulizwa.

Kipande cha ukuta ni kazi ya wahandisi. Hakitolewi kwa nyundo. Kwanza jengo hukaguliwa kujua kama ukuta ule unabeba mzigo. Kisha sehemu itakayokatwa hufungwa kwa fremu mbele na nyuma ili plasta isimwagike, na ndipo msumeno wa zege unapoingia. Tusifanye mzaha na jambo hili. Mjini Chicago, Aprili 1972, mpigapicha Richard Nickel alikuwa akiokoa mapambo ya jengo la soko la hisa lililokuwa likibomolewa, na sakafu zikamporomokea akafa. Ukumbi wa biashara wa jengo lile umejengwa upya ndani ya makumbusho ya sanaa ya mji huo, na vipande alivyohangaikia viko salama. Yeye hakuviona vikionyeshwa.

Lakini haya yote ni bure bila daftari la mapokezi, kitabu ambamo kila kitu hupewa namba yake siku kinapoingia. Kipigwe picha kikiwa na rula kando yake, kifungiwe kitambulisho kwa uzi wa pamba, na namba iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufifia na kuchuruzika. Katika daftari yaandikwe angalau haya:

- kitu ni nini, kipimo chake, na hali yake siku kilipopokelewa;
- kilikuwa sehemu gani ya jengo, na jengo lilikuwa wapi, kwa alama ambazo wenyeji wanazijua (kisima, msikiti, mti, barabara ya zamani);
- nani alikiokota, lini, na kilihifadhiwa wapi tangu siku hiyo;
- anayekitoa anakitoa moja kwa moja au anakiazima, na anakataza nini;
- maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, yamerekodiwa kwa sauti.

Katika orodha hiyo, la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Damu, aya na ruhusa

Kuna vitu ambavyo makumbusho hayafai kuvipokea. Kitu chenye mabaki ya mwili wa mtu kinarudi kwa familia na kwa wanaojua kuzika, na hapana mjadala juu ya hilo. New York, mwaka 2014, mabaki ya miili ambayo hayajatambuliwa ya waliouawa tarehe 11 Septemba 2001 yalihamishiwa katika hifadhi iliyo kwenye jengo moja na makumbusho ya tukio hilo. Baadhi ya familia zilipinga waziwazi, ingawa hifadhi hiyo haifunguliwi kwa watazamaji. Makumbusho yenyewe yamefanya kazi ya kupigiwa mfano kwa vyuma: nguzo ya mwisho kuondolewa kwenye kifusi Mei 2002 ilihifadhiwa pamoja na maandishi na picha zilizobandikwa juu yake na wafanyakazi wa uokoaji. Tunaweza kuwaiga katika hilo na kujifunza kutokana na lile jingine.

Vipande vya msikiti au vya nyumba vyenye aya za Kurani vina adabu yake. Haviwekwi sakafuni, havipitwi juu, na uamuzi kama vionyeshwe au vizikwe kwa heshima ni wa masheikh na wazee wa mahali pale, si wa mtaalamu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Akiambiwa hapana, aandike hapana katika daftari lake na aondoke kwa shukrani.

Suala gumu zaidi ni la chuo. Wengi wa waliouawa Aprili 2015 walitoka sehemu nyingine za nchi, na wazazi wao hawaishi Garissa. Nimewahi kusikia hoja kwamba kumbukumbu yoyote ya vitu iwe Nairobi, ambako ni rahisi kwa familia kufika. Naielewa hoja hiyo lakini siikubali. Kipande cha ukuta wa Garissa kikipelekwa mbali, Garissa itabaki kuwa jina la shambulio kwa watu wasioijua, na wenyeji watanyimwa nafasi ya kuomboleza wanafunzi waliowapangisha vyumba, waliowauzia chai, waliosoma nao. Kikae Garissa, lakini familia ziwe na viti katika kamati inayoamua kionyeshwe vipi. Zisome maelezo ya kibao kabla hayajachapwa, na zipewe siku yao ya kukiona kabla ya umma. Usafiri wao ulipwe na serikali. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza.

Na Bulla Karatasi iwe kando ya chuo katika maonyesho hayo hayo, si katika chumba cha nyuma. Kuna watakaosema kwamba kuviweka pamoja ni kulinganisha vidonda. Mimi naona ni kukataa kuchagua marehemu wa kuwakumbuka. Tofauti ya kweli kati ya matukio hayo ni ya muda. Yaliyotokea chuoni yalipigwa picha na kuandikwa kote duniani, na wengi walioyashuhudia bado ni vijana. Aliyekuwa na miaka 20 Novemba 1980 amepita 60 sasa, na aliyekuwa na 40 hayuko nasi au amechoka. Kwa hiyo kinasa sauti kianze kwao, nyumbani kwao, kwa Kisomali, kikiongozwa na kijana wa mtaa wanayemjua na kumwamini. Tafsiri na makabati vitafuata.